Brashi yangu inafunguka kama ufagio: ninunue ipi kwa kazi ndogondogo bila kuvunja kibubu?

"Shikamoo mwalimu. Mimi nachora kwa rangi za maji, picha ndogo saizi ya postikadi, zaidi kima punju wa Jozani na ndege, nauza kwa wageni hapa Mji Mkongwe. Shida yangu ni brashi. Nilinunua seti ya 12 ya nywele za kweli, imeandikwa 'sable' kwenye mpini, shilingi elfu 18, nikawa natumia ile ndogo kabisa ya namba sifuri tatu (000) kwa manyoya na macho. Wiki mbili tu imefunguka kama ufagio wa chelewa, ncha zimekuwa mbili, na rangi inakauka kabla sijamaliza hata unywele mmoja. Wenzangu wananambia ninunue za Ulaya lakini moja tu ni bei ya seti tatu za kwangu. Halafu mama mkwe kaniuliza kama hizi si nywele za nguruwe, maana huwa naitia mdomoni kuinyoosha ncha. Mimi ni Muislamu, tangu siku hiyo sina raha. Ninunue ipi?"

Marahaba mdogo wangu. Pole sana, najua inavyouma, umeshachora uso wa kima vizuri kabisa umebakiza zile nywele nyeupe za kichwani halafu brashi inakuchorea mistari miwili badala ya mmoja na karatasi ya rangi za maji haina msamaha, ukifuta inabaki alama. Kwaiyo nitakujibu yote, la nguruwe pia, na la mdomoni nitalisemea kwa ukali kidogo, univumilie.

Nianze na hilo neno 'sable'. Wewe uliliamini na wengi wanaliamini, ila peke yake halikuhakikishii kitu. Sable mwenyewe ni mnyama wa manyoya wa kule Siberia, lakini brashi bora zinazoitwa kolinsky sable hazitokani na yeye hata kidogo, zinatokana na mnyama mwingine mdogo wa jamii ya kicheche, kwa jina la kitaalamu Mustela sibirica, anaishi Siberia mpaka kaskazini mashariki mwa China, na zinazotumika ni nywele za mkia wake, zikiwa nzuri zaidi zile za dume wa majira ya baridi. Sasa kama hata brashi bora yenyewe jina lake limepotoka hivyo, hebu fikiria ile ya elfu moja na mia tano. Inaweza kuwa nywele za farasi, za mbuzi, za sikio la ng'ombe zilizotiwa rangi nyekundu, au mchanganyiko wa hayo na nailoni. Hivyohivyo ukikuta brashi imeandikwa 'camel' ujue ndani yake hamna ngamia, ni kindi au mbuzi au farasi au mchanganyiko wao. Ukiwa dukani jina lililoandikwa kwenye mpini liache kwanza, angalia nywele zenyewe.

Na kuangalia nywele si mpaka uwe fundi. Chukua hiyo sifuri tatu yako iliyokufa, ng'oa unywele mmoja, ulaze kwenye karatasi nyeupe, fungua kamera ya simu uivute karibu mpaka mwisho. Unywele mzuri wa mnyama una umbo kama mkuki, mwembamba kwenye shina, unanenepa katikati, halafu unachongoka taratiiibu mpaka ncha inapotea machoni. Hiyo ncha mnyama kazaliwa nayo, hakuna kisu kinachoweza kuitengeneza. Ukiona mwisho wa unywele umekatika butu kama uzi uliokatwa na mkasi basi umeshapata jibu la wiki mbili zako. Kisha uchome kwa kiberiti, ukishika kwa koleo ndogo, usiunguze vidole: ukinuka kama nywele zilizoungua na ukabaki majivu yanayosagika ni wa mnyama, ukiyeyuka ukajikunja kitone kigumu ni plastiki.

Kwa nini butu inaharibu kila kitu? Fundi wa brashi nzuri hakati ncha kabisa. Anachukua kifungu cha nywele, anakitia ncha zikiwa chini kwenye kikombe kidogo chenye umbo la ndani kama tumbo la brashi, anakigongagonga mpaka kila unywele utulie mahali pake na ncha zote zikutane, anafunga uzi, anakitia kwenye bati, yani kile kichuma kinachounganisha nywele na mpini, na kinachokatwa ni upande wa shina ambao wewe huuoni, umezama kwenye gundi. Kiwanda cha haraka hakina muda huo, nywele zinachanganywa ndefu na fupi, nyingine zimegeuzwa kichwa chini miguu juu, halafu mwisho wanapunguza kwa mkasi ipate umbo la kuchongoka na wanaipaka gamu ikauke ikiwa imechongoka vizuri. Dukani inapendeza. Unaiosha mara ya kwanza gamu inatoka, mara ya tatu nywele zinarudi zilivyotaka zenyewe.

Na kuna jambo la maji hapa ukilielewa litakusaidia maisha yako yote ya kuchora. Brashi ya rangi za maji haichongoki kwa sababu ni ngumu, inachongoka kwa sababu maji yanavuta nywele zishikamane. Umeshaona nywele za mtu aliyetoka kuogelea zinavyogandana zikawa kama mkia? Ndo hivyohivyo. Nywele zikiwa nyingi na nyembamba nchani, maji yanazikusanya zinakuwa ncha moja kali, na zile nafasi ndogondogo katikati ya nywele kwenye tumbo ndo tangi lako la rangi. Ukibonyeza karatasi rangi inashuka, ukiinua inabaki juu. Nywele zikiwa na urudi, yani ukizikunja zinanyooka zenyewe, ncha inarejea kila unapoinua mkono. Kicheche ana vyote viwili, anabeba maji na anarudi, ndo maana bei yake haishikiki. Kindi anabeba maji mengi kuliko hata kicheche ila hana urudi, akishalala kalala. Nailoni ina urudi wa kutosha lakini tumbo lake ni dogo, rangi inashuka yote kwa pupa.

Kosa lako la pili, naomba usinune, ni kuchukua sifuri tatu. Kila anayeanza kazi ndogo anafanya hivyo, anaona picha ndogo basi na brashi iwe ndogo. Lakini mstari mwembamba hauchorwi na namba, unachorwa na ncha. Hiyo sifuri tatu ina nywele chache mno, tangi lake halifiki hata tone, sasa we umekaa barazani upepo wa kusi unapiga au feni iko juu yako, rangi inakauka njiani kabla haijafika kwenye karatasi, unachovya tena, mkono unatoka mahali pake, unywele wa kima unaanza mara tatu. Chukua namba 1 au hata 2 yenye ncha safi, utashangaa. Kampuni ya Winsor & Newton ya Uingereza mwaka 1866 iliagizwa na Malkia Victoria imtengenezee brashi bora za rangi za maji, na saizi aliyoipenda ilikuwa namba 7, mnene tu, na mpaka leo brashi zao za juu zinaitwa Series 7 kwa ajili hiyo, yani mtu anachora kitu kidogo kwa brashi nene kwa sababu ncha ipo. Halafu jua namba hazina kipimo kimoja duniani, namba 1 ya kampuni hii inaweza kuwa sifuri ya kampuni ile, kwaiyo ukinunua kwa mtandaoni tafuta urefu wa nywele na unene wake kwa milimita, usitazame namba tu.

Haya, ununue ipi.

Kolinsky ya Ulaya ni nzuri kweli, wenzako hawakudanganyi. Bei yake ina sababu: mnyama hafugiki vizuri, anategwa porini, inayotumika ni nywele za mkia tu, na biashara yake inafuatiliwa kwa vibali vya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori na mimea, mwaka 2013 kuna shehena za brashi hizi zilizuiwa kuingia Marekani kwa ajili ya hayo makaratasi. Namba 1 halisi jiandae dola 15 na kuendelea kabla hujalipa usafiri. Kama postikadi zako zinatoka kila wiki, brashi hiyo ukiitunza itakaa nawe miaka. Lakini kwa sasa hivi sikushauri, maana kwa ulivyokuwa unaitunza (nitakuja hapo) ungeiua nayo ndani ya mwezi na roho ingekuuma zaidi.

Ninachokushauri ni njia ambayo wengi hawaijui. Wachina wana brashi za kuandikia maandishi yao, mpini wa mwanzi, nywele ndefu. Kuna aina wanaiita langhao. Ukitafsiri neno kwa neno ni 'nywele za mbwa mwitu', na mtandaoni utaikuta imeandikwa hivyo kwa Kiingereza, wolf hair. Si mbwa mwitu. Ni kicheche yuleyule, Mustela sibirica, kule kwao jina lake neno kwa neno ni 'mbwa mwitu panya wa manjano' na likafupishwa. Si kusema ni sawa na kolinsky, hapana, kolinsky ni nywele zilizochaguliwa moja moja kutoka mikia bora, na hizi ubora unapanda na kushuka, lakini unywele ni wa jamii ile, una ncha yake ya kuzaliwa, na bei ni sehemu ndogo sana ya ile ya Ulaya kwa sababu China zinatengenezwa kwa wingi kwa wanafunzi na waandishi. Tafuta ndogo ya herufi ndogo, inaitwa xiaokai, au ile ya kuchorea mishipa ya majani. Watu wetu wanaokwenda Guangzhou kuchukua mzigo wako wengi, mwombe mmoja akuletee tatu, andika hilo neno langhao kwenye karatasi ampe muuzaji. Akiambiwa jianhao ajue huo ni mchanganyiko, mara nyingi na mbuzi, si mbaya ila kwa kazi yako ya unywele kwa unywele urudi wake unapungua.

Ikifika itakuwa ngumu kama msumari, ni gamu. Itie maji baridi dakika chache, ifungue nchani tu, theluthi moja au nusu, huko juu iache na ugumu wake, inakusaidia mkono usiyumbe. Ina nywele ndefu kuliko ulizozoea kwaiyo siku ya kwanza utaona kama inakupeleka inakotaka, mpe siku tatu nne. Usiiloweke muda mrefu, nywele zimegundishwa kwenye mwanzi moja kwa moja hazina bati, maji yakiingia mwanzi unapasuka na kichwa kinachomoka.

Pamoja na hiyo nunua brashi moja ya nailoni iliyochongoka vizuri, namba 2 au 4, ya bei ya kawaida tu, iwe ya kuchanganyia rangi na kunyanyua rangi iliyokosewa na kusugua. Kazi za shuruba mpe huyo, mzuri mwache achore tu. Na kama unapaka akriliki pia basi akriliki yote ni ya nailoni, kwa sababu akriliki ikikauka ndani ya bati ni plastiki haitoki tena na inazisukuma nywele kwa nje. Unajua mafundi wa tingatinga kule Oyster Bay Dar, tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza mwaka 1968, kazi yao ni ya rangi ya mafuta, ile ya kupakia milango na baiskeli, na wanachora nukta na mistari mizuri ajabu, lakini rangi ile inaoshwa kwa mafuta makali yanayokausha unywele, kwaiyo wao brashi ni kitu cha kutumia na kutupa, usiige brashi zao kwa rangi zako za maji.

Dukani, kabla hujalipa, omba kikombe cha maji. Akikataa usinunue ya nywele za mnyama hapo. Ichovye, izungushe gamu itoke, kisha ipige mtikiso mmoja wa nguvu kama unayekung'uta maji mkononi. Iangalie: ncha imekuja moja na kali bila kuiminya? Nzuri. Imegawanyika au kuna unywele umetoka pembeni kama mwiba? Rudisha. Halafu ibonyeze ubavu kwenye ukucha uiachie, irudi. Na tazama bati, lisiwe na mshono uliofunguka na lisicheze kwenye mpini. Mimi katika brashi kumi za boksi moja huwa narudisha sita au saba na sioni haya.

Sasa la mama mkwe. Mwambie ana haki ya kuuliza. Nywele za nguruwe zipo kwenye brashi na ni nyingi sana, ila ni zile ngumu za rangi za mafuta na za kupakia kuta, nyeupe au nyeusi, ukiangalia ncha kwa kamera utaona imechanika vipande viwili vitatu kama ncha ya ukindu. Zinaandikwa bristle au hog. Brashi laini ndogo ya rangi za maji kama yako kwa kawaida si nguruwe, haifai kwa kazi hiyo hata kwa kiwanda. Kwaiyo moyo wako utulie kwa hilo. Lakini sitakudanganya kwamba suala limeisha, kwa sababu nywele za kicheche au farasi nazo huenda ni za mnyama asiyechinjwa, na hukumu yake hasa ikiwa mbichi ya maji si ya mimi kuitoa. Mwulize shekhe wako, mpelekee na brashi aione, umweleze inavyotumika. Akikwambia uache, nailoni iliyochongoka ya leo si ile ya zamani, utachora vizuri tu, kitakachobadilika ni kwamba utachovya mara nyingi zaidi na utanunua mpya kila baada ya miezi michache kwa sababu ncha yake hujikunja kama ndoana. Ikijikunja ichovye kwenye maji ya moto sekunde chache uinyooshe kwa vidole, inarudi kiasi. Ya mnyama usithubutu, maji ya moto yanaharibu unywele na kulegeza gundi.

Ila mdomoni, nguruwe au si nguruwe, acha leo. Nakuomba kabisa. Kuanzia mwaka 1917 huko Orange, New Jersey, Marekani, kulikuwa na kiwanda cha kupaka namba za saa kwa rangi yenye radiamu, madini yenye mionzi ya hatari, ili ziwake gizani, wasichana wakafundishwa kuchongoa brashi kwa midomo yao, brashi ndogo kama yako, kila namba wanalamba. Meno yakatoka, mataya yakaoza, wengine wakafa wadogo wadogo. Rangi zako hazina radiamu, lakini baadhi ya nyekundu na njano zina kadimiamu, nyingine zina kobalti, zote ni metali zenye sumu, na zile za bei rahisi zisizoandika zina nini huwezi jua kama hazina risasi. Kidogo kidogo kinaingia. Kama umekuwa ukilamba kwa miaka, na zaidi ukiwa na mimba au unanyonyesha, nenda hospitali umweleze daktari wazi kwamba unachora na ulikuwa unatia brashi mdomoni, beba na tyubu za rangi asome, muulize kuhusu kipimo cha risasi kwenye damu. Ncha unainyoosha kwa kitambaa cha pamba kilicholowa: laza brashi, ivute huku unaizungusha polepole kwa vidole, inatoka kali kuliko ya mdomoni.

Na utunzaji, maana nina hakika, utanisahihisha, kwamba brashi zako zinasimama kichwa chini ndani ya kikombe cha maji mpaka kesho yake. Hapo ndo zinapofia. Nywele zinapinda, maji yanapanda kwenye bati, mpini unavimba, rangi ya mpini inabanduka. Ukimaliza osha kwa maji baridi na sabuni ya kipande, ile ya kuogea laini, si ya unga wala jiki, kwenye kiganja, mpaka povu litoke jeupe hasa pale kwenye bati, suuza na maji baridi ya bomba kwa sababu ya kisima hapo kwetu pwani mara nyingi yana chumvi, ichongoe kwa vidole, ilaze mezani ikauke. Isimamishe kichwa juu ikishakauka tu. Usiifungie mbichi kwenye kopo, unyevu wetu utaipandisha ukungu, na ya mnyama funza wa nondo anaila kama anavyokula sufu, mimi naweka karafuu chache ndani ya boksi kama tunavyoweka kwenye kabati la nguo na kila wiki mbili nafungua naangalia.

Ukishapata brashi nzuri na bado mstari unatetemeka au unatoka na kivuli, usinunue nyingine. Jipime: je, ukisogeza postikadi mbali kidogo ndo unaona vizuri? Kama umekaribia au umepita 40 basi huenda ni macho, nenda kapimwe, miwani ya kusomea inaweza kukufanyia kazi kuliko kolinsky. Na kama ukipata safari ya Dar pita Nafasi Art Space, kituo cha wasanii, kaa na mtu anayechora kazi ndogo, mpe brashi yako aishike mbele yako, kuna mambo ya kushika mpini na kuegemeza kidole cha mwisho kwenye karatasi ambayo kwa maandishi siwezi kukuonyesha.

Hiyo sifuri tatu yako usiitupe. Kata zile nywele ziwe fupi kama milimita tatu, tumia kuzoa rangi iliyokauka kwenye kona za visahani na kupakia gundi nyuma ya picha. Na zile nyingine 11 za seti zipime zote kwa maji na mtikiso kama nilivyokwambia, huenda mbili tatu kubwa zikawa nzima kwa kupakia mbingu na majani ya nyuma.